Chumba cha Jua Upande wa Jikoni

Jumatatu, 3 Februari

Nimepima ukuta wa mbele tena. Baba hakubali vipimo vya jana. Anasema futi kamba yangu imevutika kwa joto. Ni ya chuma. Nimepima, nimepata kile kile, na bado ametikisa kichwa.

Basi hali ndiyo hii. Nimechukua likizo yangu yote ya ofisini Malindi, ambako nachora ramani kwa watu wanaojua wanachotaka, nikaja nyumbani Garsen kumchorea baba yangu sanrumu. Ndivyo anavyoiita. Chumba cha vioo cha kuota jua. Garsen! Mji ambao mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya stima. Kila mtu hapa analikimbia jua, yeye analijengea chumba.

Wazo lilitoka kwenye picha. Wifi yangu wa Mombasa, mke wa kaka yangu, alimtumia kwa simu. Nyumba ya Ulaya huko, theluji mpaka dirishani, bibi mmoja ameketi ndani ya vioo na paka wake. Baba alimaliza wiki nzima akiitazama. Kisha akanipigia. Hakuniuliza kama nina nafasi.

Nimechoka na kazi haijaanza.

Jumanne, 4 Februari

Nyumba yenyewe niiandike, labda nitaacha kuigombeza. Baba aliijenga vipande vipande. Sebule alipokuwa mwalimu wa kawaida. Vyumba vya kulala alipokuwa naibu. Jikoni alipokuwa mwalimu mkuu na hana muda wa kusimamia fundi. Inaonekana. Hakuna mlango uliolingana na mwenzake. Lakini matofali ni yale yale, bati ni lile lile, na paa linashuka pande zote bila kukatika. Ukiitazama kutoka mbali ni nyumba moja. Sitaki kuiharibu.

Sakafu iko juu, kiunoni kwa mtu mfupi, kwa sababu ya mto. Kila mlango wa nje una ngazi. Januari Mama alianguka kwenye ngazi za jikoni akiwa na sufuria mkononi. Hakuvunjika. Yona, kaka yangu, aliposikia alisema yatosha. Mwisho wa mwezi anakuja na gari amchukue Mama akakae kwake Mombasa, ghorofa ya nne.

Mama ana presha ya macho. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, tulinde kilichobaki. Hilo nalielewa. Silielewi la ghorofa ya nne. Mama anasuka mikeka. Maharusi wa hapa mpaka kijiji cha Wema wamelalia mikeka yake. Kule juu atakaa kwenye kochi atazame ukuta. Atakauka.

Nimemuuliza kama anataka kwenda. Akasema chai imepoa. Ndilo jibu nililopata.

Yona amekubali jambo moja tu: akikuta Mama ana mahali pa kukaa pasipo ngazi, penye mwanga wa kutosha, na anafanya kazi zake, ataondoka peke yake. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu asiyetarajia kushindwa.

Alhamisi, 6 Februari

Baba anataka sanrumu mbele, barabarani, mahali pa veranda. Paa bapa. Vioo kutoka chini mpaka juu. Uso wa nyumba yetu unatazama magharibi! Jua la alasiri linapiga pale mpaka rangi ya ukuta imebambuka. Nimemweleza polepole. Nimemchorea jua na mishale. Nimemwambia Mama atakuwa mkate ndani ya tanuri. Na maji yote ya paa la zamani yatamwagika juu ya hilo paa bapa, mvua ya kwanza tu tutakuwa tunateka ndani.

Amesikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Lakini mbele ndipo watu wanapopita."

Kumbe! Maringo tu. Mzee mzima anataka Garsen yote ione vioo vyake. Nimetoka nje nikapiga teke ndoo. Ilikuwa na maji.

Kitu kingine kinachonimaliza ni tabia yake mpya ya kutangaza. Tangu nimefika anatangaza kila kitu kama yuko mbele ya darasa la kwanza. "Mama Yona, chai hii hapa, mkono wa kulia." "Salome ameingia, amevaa gauni la bluu," nami huyo nimesimama mbele yake. "Hiki ni kiti." Tunajua ni kiti, Baba. Alistaafu shule, shule haikustaafu ndani yake.

Ijumaa, 7 Februari

Leo kazi ya maana. Nimemzungusha Mama nyumba nzima na kiti chake, asubuhi, mchana na alasiri. Kila tulipoketi nikampa vipande vya miyaa, yale majani ya mkoma anayosukia, vilivyotiwa rangi: chekundu, kijani, zambarau, na kimoja kisicho na rangi. Nikamuuliza kipi ni kipi.

Mbele barabarani: amekosa vyote. Alifumba macho, akasema mwanga unamchoma. Nyuma, chini ya mwarobaini: amepata nusu. Upande wa jikoni, kaskazini, ambako jua haliingii moja kwa moja na upepo unapita: amepata vyote. Alivikamata, akavisugua kidogo kwa vidole kama anavyofanya siku zote kabla ya kusuka, akataja rangi moja moja bila kusita.

"Hapa naona vizuri, mwanangu," akasema.

Nilitaka kulia kwa furaha. Huu ni ushahidi. Sasa Baba aseme anachotaka. Chumba kitakaa upande wa jikoni, kiende urefu wote wa nyumba mpaka chumba chao cha kulala. Nimeanza kuchora papo hapo, karatasi juu ya goti.

Jumamosi, 8 Februari

Shida ya paa. Nikiliteremsha lile la zamani kwa mteremko ule ule, linafika chini upesi. Sakafu lazima ilingane na ya ndani, la sivyo tunarudi kwenye ngazi. Kwa hiyo hatua chache tu kutoka ukutani, kichwa kinagonga bati. Fundi Kazungu, aliyejenga jikoni kwetu, amekuja kutazama. Anasema tuinue paa la nyumba nzima. Anasema kama mtu anayesema tuhamishe kiti. "Haina neno, dada." Kwa Kazungu hakuna chenye neno. Ndiyo maana mlango wa jikoni haufungi.

Nimekaa na karatasi mpaka mgongo ukauma. Halafu nikaacha kupigana na paa. Chumba kiwe chembamba. Chembamba na kirefu. Mama hahitaji upana. Yeye anasuka ukili, ule mkanda mrefu ambao baadaye unashonwa kuwa mkeka, na siku zote unamsumbua kwa sababu hana mahali pa kuutandaza. Hapa atautandaza kutoka jikoni mpaka kitandani.

Ukuta wa matofali yale yale mpaka urefu wa kiti. Juu yake mbao nyembamba, wazi, upepo upite. Bati kama la zamani, ila mawili matatu ya plastiki, yale yanayopitisha mwanga, na mkeka uning'inizwe chini yake kukata joto. Mlango wa jikoni na mlango wa chumbani yote itokee kwenye sakafu moja. Hakuna kioo hata kimoja.

Ni kizuri. Nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya kanisa nimempa Baba ramani. Ameketi nayo mezani na kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu! Nina diploma. Nyumba nilizochora zimesimama Malindi na watu wanalala ndani.

Amenipa nne juu ya kumi. Pembeni ameandika: "Inafanana na banda la kuku. Rudia."

Nimekwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeoshwa.

Jumanne, 11 Februari

Siamini ninachoandika. Saa nne lori limesimama nje. Vioo. Baba aliagiza vioo Malindi kabla hata sijafika. Ameniacha nichore wiki nzima na vioo viko njiani.

Tena si vioo vya kawaida. Ni vile vya benki. Aliye ndani anaona nje, aliye nje anajiona mwenyewe. Vimeegemezwa ukuta wa mbele, vimepangwa msururu, vinatazama barabara. Mchana kutwa Garsen imekuja kujitazama. Wanawake wanarekebisha mitandio. Kijana wa bodaboda ameshuka akachana nywele mpaka abiria wake akamwacha. Baba ameketi verandani na kiti chake, anaitikia salamu kama mkuu wa wilaya.

Nimemwambia vioo vile si vya nyumba hii. Nimemwambia nyumba itaonekana kama mtu aliyevaa kanzu na kofia ya pikipiki. Akasema Yona akija atakuta nyumba ya kisasa, hatakuwa na neno.

Nikamwambia Yona haji kutazama vioo. Tumegombana mbele ya watu. Mama alikuwa mlangoni. Aliingia ndani akipapasa ukuta.



Jumatano, 12 Februari

Leo siku ya mnada.

Ng'ombe hupita hapa tangu alfajiri kwenda sokoni. Tumezoea. Mama alikuwa ameketi verandani na ukili wake, kwa sababu Baba alimwambia pale ndipo mahali pake, aanze kupazoea. Mimi nilikuwa jikoni.

Mzee Godana alikuwa akipitisha ng'ombe zake. Ni mfugaji wa Kiorma, tunamjua tangu mimi niko mdogo, watoto wake wote walifundishwa na Baba. Mbele ya kundi kulikuwa na dume jeupe, kubwa, lenye nundu inayoyumba. Likafika usawa wa nyumba yetu. Likageuza kichwa. Likaona dume jeupe, kubwa, linalolitazama.

Nilisikia kwato, kisha mlio ambao sitausahau. Nilipotoka vioo vyote vilikuwa chini na dume limesimama katikati, linatafuta adui yake amekimbilia wapi. Mama alikuwa bado kwenye kiti. Hakukimbia, maana hakujua akimbilie upande gani. Damu ilikuwa inatiririka mguuni.

Kipande kimempata muundi. Zahanati wamemshona. Si jeraha kubwa. Nimejiambia hivyo siku nzima. Hatua mbili kushoto na ningekuwa naandika mambo mengine.

Baba anafagia vipande vya vioo tangu asubuhi. Hatangazi chochote.

Alhamisi, 13 Februari

Yona amejua. Garsen haiwezi kukaa na habari tumboni. Amepiga simu, akapiga kelele, akasema hangoji mwisho wa mwezi. Anakuja Jumamosi ijayo, tarehe ishirini na mbili, na Mama afungiwe mizigo. Akakata.

Mzee Godana amekuja mchana na bakora yake na mwanawe mkubwa. Nilidhani ni kuomba radhi. Amemjulia hali Mama vizuri sana, amemwombea dua, halafu akamgeukia Baba.

"Mwalimu, ile dume yangu haina makosa."

"Imevunja vioo vyangu vyote! Imemjeruhi mke wangu!"

"Ile imeona dume ngine inaitazama kwa macho. Ni nani ameleta hiyo ngine?"

"Mimi nimeleta vioo, Godana!"

"Sasa ng'ombe itajuaje, Mwalimu?"

Kumbe dume halikuuzwa. Wanunuzi waliona pembe imechubuka, wakasikia habari, wakasema lina wazimu. Godana anaona yeye ndiye wa kuombwa radhi, na dume pia. Wamebishana mpaka alasiri. Mama, mguu juu ya stuli, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nifike. Wazee wote wawili wakanyamaza kwa aibu. Godana akasema hatatoa faini kwa kosa la kioo, ila Mama Yona ni dada yake, na huko malishoni mikoma ni mingi. Ataleta miyaa.

Alipoondoka nilimkuta Baba jikoni amesimama, ameshika kikombe kitupu.

"Yona akimchukua," akasema, "mimi nitaongea na nani?"

Hivyo tu. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akiuliza swali ambalo hajui jibu lake. Nilidhani ni maringo. Si maringo, ni hofu. Kisha akaweka kikombe, akasema kwa ukali wake wa kawaida: "Jenga hilo banda lako la kuku."

Jumamosi, 15 Februari

Tumeanza. Msingi umechimbwa upande wa jikoni. Matofali yamepatikana ya saizi ya yale ya zamani, nimezunguka nayo mkononi duka hadi duka kama mwendawazimu. Fundi Kazungu amekuja na wenzake wawili. Baba ameketi kivulini anasimamia kwa mdomo. Nimemwomba mara nne anyamaze.

Wiki moja. Inawezekana kama hakuna atakayefanya ujinga.

Jumatatu, 17 Februari

Kazungu hayupo. Msiba wa shemeji yake huko Kilelengwani. Pole kwake, kweli, lakini ni msiba wa tatu mwaka huu na mwaka bado mchanga. Wenzake wawili wamekuja, wakakaa, wakanywa chai, wakaniambia bila fundi hawawezi kupiga kuta mstari. Nikachukua kamba nikapiga mstari mwenyewe. Wakasema kumbe dada unajua. Naam. Dada anajua.

Ukuta umefika magotini. Miyaa ya Godana imefika juu ya punda wawili. Mama ameilalia kama mtu aliyepata godoro jipya.

Jumanne, 18 Februari

Kazungu amerudi. Jioni mvua imenyesha, isiyo ya msimu, kubwa, ya dakika chache. Imeingia kwenye saruji iliyokuwa nje. Mifuko miwili imekuwa mawe. Nani aliiacha nje? Hakuna anayejua. Haina neno, dada.

Nitamnyonga.

Jumatano, 19 Februari

Nilikwenda kufuata mabati mjini. Niliporudi, sakafu ilikuwa imemwagwa. Laini, imepigwa vizuri, inang'aa. Na iko chini ya sakafu ya jikoni kwa kiganja kizima.

Ngazi. Kazungu amejenga ngazi. Ramani inasema sakafu moja. Nimeiandika kwa herufi kubwa. Nilimwambia kwa mdomo, nilimwonyesha kwa mkono. Amesema ukumbi wowote huwa na ngazi, maji yasiingie ndani, yeye hajawahi kujenga usio na ngazi. Mkono umejenga wenyewe.

Nimepiga kelele mpaka majirani wametoka. Nimesema mambo ambayo sitayaandika. Chumba hiki chote, kila tofali, kinajengwa ili mwanamke mmoja asishuke ngazi, na wewe umemjengea ngazi! Kazungu ameinamisha kichwa kama mtoto. Nimejiona mbaya, na sikuacha.

Kisha nikamwona Baba. Amevua shati lake la kola, amebaki na fulana, amebeba karai la kokoto. Umri ule. Anapita katikati yetu bila kutazama mtu, anamwaga kokoto juu ya sakafu mbichi, anarudi kuchukua nyingine. Kazungu akashika sepeto. Mimi nikashika karai. Tumeinua ile sakafu hadi ikalingana, tukamalizia usiku kwa mwanga wa taa ya simu.

Mikono imechubuka. Siwezi kushika kalamu vizuri.

Ijumaa, 21 Februari

Paa limekaa. Mteremko mmoja kutoka mgongo wa nyumba mpaka ukingo wa chumba, huoni palipoungwa. Mbao zimepigiliwa. Mabati ya plastiki yanamwaga mwanga mweupe, mpole, kama wa asubuhi yenye mawingu. Nimevua viatu, nimefumba macho, nimetoka jikoni nikatembea hadi chumbani. Mguu haukukutana na kitu.

Nimesimama barabarani kutazama. Nyumba inaonekana imekaa vile siku zote. Hiyo ndiyo sifa kubwa ninayoijua, na hakuna atakayeitoa.

Kioo kimoja kilipona. Baba alikificha nyuma ya kabati. Sasa kiko bafuni, ananyolea ndevu mbele yake. Kimewekwa mbali na dirisha.

Ramani nimeikuta juu ya meza yangu. Amefuta ile nne. Hakuweka alama nyingine.

Kesho Yona.

Jumamosi, 22 Februari

Amefika saa tano na gari la kukodi, viti vya nyuma vimelazwa kwa ajili ya mizigo. Ametusalimu haraka haraka. Akauliza Mama yuko wapi.

Mama alikuwa chumba kipya, kwenye mkeka, mgongo ukutani. Miyaa kulia na kushoto. Anasuka. Vidole vinakwenda mbio kama vya msichana. Mwanga unamwangukia begani. Yona alisimama kwenye mlango wa jikoni, akatazama chini akitafuta ngazi. Hakuiona. Akaingia kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

"Yona huyo," Mama akasema. "Shika hapa, unisaidie. Vuta uende nayo."

Akampa ncha ya ukili. Yona, na shati lake la ofisi, akaivuta akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka mgongo wake ukagonga mlango wa chumbani. Ukili wote ulilala sakafuni umenyooka, mwekundu na zambarau. Mama akaupapasa kwa kiganja kutoka mwanzo, akaona sawa. Akasema ni wa binti wa Mzee Godana anayeolewa baada ya Idi, na kazi ipo nyingi, hana nafasi ya kusafiri kwa sasa.

Yona alinitazama. Nikatazama dari, nikaikagua.

Amekula wali na samaki wa kupaka. Amemsikiliza Baba akieleza jinsi alivyosanifu chumba. Alivyosanifu yeye! Nimeuma ulimi. Saa kumi gari limeondoka na viti vimelazwa hivyo hivyo, vitupu, isipokuwa mkeka mmoja wa wifi.

Tumeshinda. Nimelala kidogo, nimeamka nikicheka peke yangu.

Jumapili, 23 Februari

Mkoba uko tayari. Basi la Malindi ni mchana.

Asubuhi nilikaa na Mama chumbani kule. Nilisogeza ungo wake wa miyaa ili nipate pa kukaa. Akanyoosha mkono pale ungo ulipokuwa. Akapapasa sakafu. Akapapasa tena. Nikamtazama usoni, macho yake yametulia kwenye mbao, mbali na mkono.

Nikamuuliza tangu lini.

Kabla ya Krismasi, akasema. Anaona mwanga na kivuli basi. Rangi anazijua kwa vidole. Nyekundu inakauka ngumu, zambarau ni laini, kijani inakwaruza kidogo. Alikosea kule mbele makusudi, kwa kuwa kule kuna joto na vumbi. Upande wa jikoni anasikia nani ameingia na nini kinaungua.

Siku nzima nilipima mwanga ule. Asubuhi, mchana na alasiri. Nilitaka kukasirika na sikuweza.

"Basi mwanga wote huu wa nini, Mama?"

"Wenu, mwanangu. Mnione ninafanya kazi, mtulie."

Akanikataza kumwambia Yona. Zaidi ya Yona, akanikataza kumwambia Baba. Atavunjika moyo, akasema, baada ya taabu yote ile. Nimeapa.

Nimepita kuaga. Baba ametoa kiti chake verandani, amekiweka chumba kipya, karibu na Mama. Amechambua miyaa yote ya Godana iliyotiwa rangi, kila rangi fungu lake. Anampa kipande kimoja kimoja mkononi.

"Nyekundu hii," anasema Baba.

"Naiona," anasema Mama.

"Zambarau hii."

"Naiona."

Nimesimama kidogo kwenye mlango wa jikoni na mkoba begani. Baba akainua macho akaniona.

"Salome amesimama mlangoni," akatangaza. "Amevaa gauni la kijani. Anakwenda zake."

Mama akageuza uso upande wangu, akatabasamu, akaniambia nimependeza.